Tajiri Gani Ana Friji Sebuleni?

Siku hizi kila mtu anataka maoni yangu, ila anayataka mahali ambapo sina. Nikipiga simu kuulizia salio lililoyeyuka, salio halirudi, lakini ujumbe unaingia hapo hapo: tafadhali tukadirie kuanzia 0 hadi 10. Kwenye zahanati kuna sanduku la maoni lenye kufuli lililoshika kutu. Kikaratasi nitakachotumbukiza leo kitasomwa na wajukuu wa mganga. Bei ya mchele ilipopanda hakuna aliyenijia na karatasi. Nauli ilipopanda nilikuwa na maoni mengi na mazuri, nikayatoa yote ndani ya daladala, konda akasimamisha gari nikayamalizie kituoni.

Basi mpwa wangu alipoingia na shikamoo mbili mfululizo, nilijua kuna kitu kinatakwa. Anasoma stashahada ya utengenezaji wa filamu na vipindi katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na kazi waliyopewa ilikuwa hii: kundi la wanafunzi wanne watengeneze video ya wimbo, isizidi dakika nne, waioneshe kwa watu, wakusanye maoni, wairekebishe, kisha kila mmoja aandike ripoti akijibu swali moja, amejifunza nini kutokana na maoni ya watazamaji. Nilimwambia enzi zetu mtazamaji alikuwa mwalimu peke yake, na maoni aliyatoa kwa fimbo. Akacheka kwa adabu, akasema, "Mjomba, tunaomba sebule."

"Sebule ya nini tena?"

"Tunatafuta nyumba ya mtu mwenye uwezo."

Hapo nikalegea. Miaka yote niliyoishi Tabata hakuna aliyewahi kuniita mtu mwenye uwezo, wala nikiwa nadaiwa mchango wa harusi. Nikamwita mama watoto asikie kwa masikio yake.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kawaida ya Bongo Fleva. Kijana hana kitu, anampenda msichana. Anatokea tajiri, anamchukua msichana. Msichana anakaa kwenye jumba la tajiri, ana kila kitu ila furaha, chakula kinapoa mezani hakigusi, anatazama dirishani. Kijana anapita barabarani taratibu anaimba maumivu. Mwimbaji ni mmoja wao, kijana mwembamba mwenye sauti nzuri na deni la ada. Msichana aliazimwa kutoka darasa la uandishi wa habari. Jumba la tajiri ni kwangu.

Waliniambia watamaliza saa mbili tu. Waliingia jua linachomoza, wakatoka jirani yangu anakwenda kusali isha. Kochi likahamishwa, pazia likashushwa, televisheni ikageuzwa uso ukutani eti inaakisi mwanga. Taa zao mbili zilikula yuniti zote za LUKU nilizonunua Jumamosi kabla ya kiitikio cha pili, nikatumwa tokeni nyingine. Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mbeba mizigo.

Kwa wasiojua, msanii kwenye video haimbi. Wimbo umeshapikwa studio. Pale unapigwa kwenye spika, naye anaufuata kwa midomo. Tena hauimbwi mara moja. Kamera ikiwa mbali, wimbo mzima. Ikisogea, wimbo mzima. Ikihamia ubavuni, wimbo mzima. Saa sita mchana mtaa wote ulikuwa umeukariri. Mtoto wa jirani, ambaye shuleni anashindwa jedwali la sita, alikuwa anaimba beti zote mbili bila kukosea, pamoja na yale maneno ya Kiingereza ambayo hata mwimbaji hana hakika nayo.

Ilipofika zamu ya kutembea taratibu ndipo nilipoona mambo. Kamera yao kwa kawaida inachukua picha 25 kwa sekunde. Ukitaka mtu aonekane anakwenda polepole unachukua 50 kwa sekunde, halafu unazionesha kwa 25. Tabu ni midomo: mwendo ukipungua, na midomo inapungua, wimbo unaiacha. Dawa yake ni kuupiga wimbo kwa kasi maradufu wakati wa kupiga picha, msanii aimbe mbio mbio, ili mwendo ukishushwa midomo irudi sawa. Kwenye video utamwona kijana mwenye majonzi anapita, shati linapepea, dunia imemwelemea. Uani kwangu alikuwa kijana anayetapatapa kwa sauti ya katuni, na mama wa nyumba ya pili amesimama getini anauliza kama tumeshamwita shehe au tunamngoja.

Sasa chakula kinachopoa mezani. Tajiri anakula nini? Kundi liliwaza kamba, likawaza kuku wa kubanikwa, likawaza bajeti, likaagiza chips mayai. Zege ile nililipia mimi, kwa ahadi ya kurudishiwa. Ikawekwa kwenye sahani ya wageni, ile yenye ukingo wa dhahabu, msichana akakaa mbele yake na huzuni. Kosa si lake. Mtu ameamka alfajiri hajanywa chai, anaambiwa aitazame zege ya moto kwa unyonge, na kila anapozoea unyonge anasikia "Kata!" Wakati wa kubadilisha taa, mkono wa msichana ulikuwa unapita. Mkono wa mpiga picha ulikuwa unapita. Mshika spika alichukua kiini. Sahani ikipungua sana waliijazia kwa viazi nilivyokaangiwa mimi, na picha, kama mjuavyo, hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Zinapigwa kwa mpangilio wa taa ilipo. Wakaondoka wamefurahi. Mpwa wangu akaihariri kwenye kompyuta ya kuazima usiku na mchana, akarudi na video na rundo la madodoso.

Dodoso lilinikasirisha kabla ya video. Swali la kwanza: Je, video imekugusa kwa kiasi gani? Sana, sana sana, au kwa wastani. Aliyeguswa na usingizi hakuwekewa kisanduku. Swali la nne liliuliza kama matumizi ya mwanga yamefanikiwa kuakisi hali ya kisaikolojia ya mhusika mkuu, nalo lilitakiwa kujibiwa na shangazi yangu, mtu ambaye kwake mwanga ni umeme upo au haupo.

Wakaanza na ndugu. Video ikatumwa kwenye kundi la familia, na pongezi zikaanza kumiminika kabla haijamaliza kupakuliwa. Hongera mwanetu. Mungu akuinue. Baba mdogo wa Morogoro aliandika "Nimebubujikwa na machozi", nami najua bando lake huwa linaisha tarehe nne. Wakapeleka karatasi kwenye kikao cha vikoba cha mama watoto. Mwenyekiti akauliza kwanza kama kuna posho. Alipoambiwa hakuna, akauliza kuhusu soda. Alipoambiwa hakuna, wajumbe wote wakajaza "sana sana" kuanzia juu hadi chini kwa mkupuo mmoja wa kalamu, wakarudi kwenye hesabu za marejesho.

Mpwa wangu alikuja amenuna. "Mjomba, wote wanasema nzuri. Nitaandika nini?"

Nikamuuliza amekulia nchi gani. Mtu wa kwetu huwezi kumuuliza jambo usoni akakujibu kuwa ni baya. Za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Na mzee anaendeleaje? Anaendelea vizuri, tunamzika kesho saa saba. Huo ndio utaratibu. Heri inatangulia, msiba unafuata, na ukiwa na haraka utaondoka na heri tupu. Sasa wewe unampa mtu karatasi yenye visanduku, jina lako limeandikwa juu, na umesimama mbele yake umeshika kalamu ya ziada. Akuambie nini?

Nikampeleka kibanda umiza.

Kile cha mtaani kwetu kina mabenchi ya mbao, feni moja isiyofika nyuma, na televisheni kubwa nyuma ya nondo. Mlangoni ni jero. Mwenye kibanda alikubali kuiweka video wakati wa mapumziko ya mechi, dakika 15 ambazo kwa kawaida watu hutoka kuvuta sigara, kwa sharti kwamba mkojo usiingiliwe: anayetaka kutoka atoke. Hakuna dodoso, hakuna kujitambulisha. Mpwa wangu akakaa benchi la mwisho na daftari. Mimi nikakaa ubavuni mwake nikiwa na soda, niliyojinunulia.

Watazamaji wa pale wana desturi yao. Ni watu waliozoea filamu kuwa ni mazungumzo. Wazee wao walikulia kwenye mikanda iliyotafsiriwa na wasimuliaji wa aina ya Lufufu, sauti ya mtu mmoja inayosema juu ya filamu nzima, ikimsemea shujaa, ikimtukana adui, ikiongeza na yake. Ukumbi wa namna hiyo haunyamazi kwa heshima ya mtu. Tena wamelipa.

Sekunde kumi za mwanzo walikuwa kimya. Kijana akapita taratibu, shati likapepea. Kisha msichana, kochi, meza, sahani.

"Huyu ameachwa au ana njaa?" sauti ikatoka mbele.

"Tulia, tuone."

Kijana barabarani. Msichana tena. Sahani imefika nusu.

"Kala!"

Kijana, dirisha, machozi. Sahani imejaa pomoni.

"Kaongezewa!"

Hapo waliokuwa nje wakaanza kurudi. Kila msichana alipotokea ukumbi mzima ulikuwa unaiangalia sahani, unaitangaza: imepungua, imepungua, imejaa, mayai yamekwisha, mayai yamerudi. Mzee mmoja aliyekaa karibu na nondo alisema kwa sauti ya upole kabisa, "Mwacheni ale mtoto wa watu. Huyo tajiri anamtunza." Kwenye picha ya mwisho, ile ambayo mpwa wangu aliniambia ni kilele cha hisia, chozi moja linadondoka na sahani ni tupu. Wakashangilia kuliko walivyoshangilia bao la kipindi cha kwanza.

Ningevumilia yote hayo. Lakini kelele zilipotulia, kijana mmoja wa bodaboda, ambaye mimi humpa riziki kila Jumatatu, akauliza, "Jamani, tajiri gani ana friji sebuleni?"

"Na kitambaa juu!"

"Na maua ya plastiki juu ya kitambaa!"

"Huyo si tajiri," akahitimisha mmoja, "huyo ni mwalimu mstaafu."

Mimi si mwalimu. Ni karani, na bado sijastaafu. Friji limekaa sebuleni kwa sababu jikoni hakuna soketi, na kwa sababu ulipolinunua kwa kuchangiwa na upatu hulifichi jikoni na masufuria. Vitambaa amefuma mama watoto kwa mkono wake, seti nzima, kochi kubwa na madogo. Nilitaka kusimama kuyasema haya, mpwa wangu akanishika mkono. Alikuwa anaandika. Anaandika friji, anaandika kitambaa, anaandika maua, mtoto niliyemlea.

Njiani kurudi alikuwa karibu kulia. Hakuna hata mmoja aliyetaja mwendo wa taratibu uliotoa jasho mchana kutwa. Hakuna aliyesema rangi, wala dirisha ambalo, kumbe, lilikuwa ishara ya uhuru. "Hawajui kutazama," akasema.

Ndipo nikamsimulia kisa cha kuku, maana nami nilisoma zamani, kabla ya kuwa mwalimu mstaafu. Kimo katika kitabu cha Marshall McLuhan, yule msomi wa Kanada, *The Gutenberg Galaxy* cha mwaka 1962, naye alikipata kwa John Wilson wa Chuo Kikuu cha London. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu ya kuwafundisha wanakijiji wa Kiafrika kuondoa maji yaliyotuama majumbani: mtu anaokota kopo, anamwaga maji, anakwenda kwa lingine, taratibu kabisa ili kila mtu aelewe. Filamu ikaoneshwa. Watu wakaulizwa mmeona nini. Wakajibu: tumeona kuku. Watengenezaji wakashangaa, maana wao hawakujua kama kuna kuku. Wakaikagua filamu kipande kwa kipande, na kweli, kwenye kona moja, kwa muda wa kama sekunde moja, kuku anakurupuka na kupita.

Kisa hiki kimezunguka vyuoni miaka mingi kama ushahidi kwamba Mwafrika wa wakati ule hakujua kutazama picha. Kila nikikisoma napandwa na hasira ya kimyakimya. Kuku alikuwepo! Wenye kamera, wenye digrii, walioipiga filamu na kuikata na kuibandika, hawakumwona. Waliomwona ndio wakaambiwa hawaoni. Katika filamu nzima ya mtu anayeinama na kuinuka, kitu pekee kilichofanya jambo lisilotarajiwa ni kuku.

Wala tusidhani mchezo huu wa kuwauliza watazamaji umeanza na mkufunzi wa mpwa wangu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Wakapata filamu fupi kama 35, za kilimo, afya na uwekaji akiba, wakazizungusha kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na kuandika jinsi watu walivyozipokea. Sauti ilikuwa kwenye santuri pembeni, ikipigwa sambamba na picha. Santuri ikiteleza, midomo na maneno vinaachana. Nikamwambia mpwa wangu ajipe moyo: kabla ya uani kwangu, tabu hizi zilishapanda na kushuka Usambara.

Kuhusu njaa ya msichana, hapo alinijibu mwenyewe, akasimama katikati ya barabara kwa kukumbuka. Kumbe walifundishwa darasani na hakuna aliyeunganisha. Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, miaka mia moja iliyopita, alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin usio na hisia yoyote ya wazi, akaubandika baada ya picha ya sahani ya supu, kisha uso ule ule baada ya maiti ndani ya jeneza, kisha uso ule ule baada ya picha ya tatu, ambayo kila msimulizi ana yake: kuna wanaosema mtoto anacheza, kuna wanaosema mwanamke mrembo. Watazamaji wakamsifu mwigizaji: angalia anavyoitamani supu, angalia anavyomlilia marehemu. Uso haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jirani yake.

"Kwa hiyo uso wa huzuni ukifuatiwa na zege..." akasema.

"Njaa," nikasema.

"Njaa," akasema, akaandika.

Kikao cha kundi kilifanyika kwangu, kwenye kochi lile lile la mwalimu mstaafu. Rai ya kwanza ilikuwa kupiga upya picha zote za msichana. Haikuwezekana: msichana ameshasuka rasta za rangi ya zambarau, na aliyemsuka amelipwa. Rai ya pili ilikuwa kuikata sahani. Kwa bahati picha zilikuwa kubwa kuliko ukubwa wa kuoneshea, kwa hiyo kompyuta ingeweza kuzikuza na kupunguza kingo, ukabaki uso mtupu. Na ukikuza kiasi hicho, friji nalo linatoka nje ya fremu. Kuhusu hili la friji nilijizuia kusema neno.

Mwimbaji aliafiki kwa nguvu. Tangu siku ya kibanda alikuwa hasalimiani vizuri na mtu. Wimbo ameuandika kwa machozi yake ya kweli, na sasa akipita kijiweni wanamuuliza "kavu au mayai?" Akasema msanii haongozwi na wavuta sigara wa mapumziko. Mpiga picha akamjibu kuwa hata Hollywood inaongozwa. Hapo alisema kweli. Filamu ya *Fatal Attraction* ya 1987 mwanzoni ilikuwa na mwisho ambapo mwanamke anajiua na bwana aliyetembea naye anashikwa na polisi. Ilipooneshwa kwa watu wa majaribio, hawakuutaka, walitaka mwanamke ashughulikiwe. Glenn Close, aliyemwigiza, aliupinga mwisho mpya kwa muda mrefu. Ukapigwa hata hivyo, na filamu ikavuna fedha ajabu. Mwimbaji akauliza, basi Glenn Close alikosea? Kundi likanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, japo nina maoni, kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na ningetaka iandikwe mahali kwamba sikuulizwa.

Toleo la pili likawa la nyuso. Uso wa kijana, uso wa msichana, dirisha, chozi, uso. Zuri sana. Mkufunzi wao alipooneshwa chuoni alitikisa kichwa kwa kuridhika, wanafunzi wenzao wakapiga makofi na kuuliza lenzi gani imetumika. Mama yake mwimbaji alisema mwanawe amependeza ila amekonda.

Tukarudi kibandani, mapumziko ya mechi nyingine. Mwenye kibanda aliiweka kwa hiari yake. Mara hii hata jero hakututoza. Wateja walipoona shati linapepea, wakaambizana, ni wale, ni wale, na watu wakakaa. Uso wa msichana ukatokea. Wakangoja. Uso tena. Kijana wa bodaboda akainua shingo kuchungulia chini ya ukingo wa televisheni, nasema kweli, kana kwamba sahani imeshuka. Dakika ya pili simu zikaanza kuwaka gizani kila upande. Dakika ya tatu benchi la mbele lilitoka kuvuta sigara. Ilipokwisha, yule mzee wa karibu na nondo aligeuka nyuma kututafuta.

"Ile ya chips mmeipeleka wapi?"

"Tumeirekebisha, mzee wangu," mpwa wangu akasema. "Mlisema sahani inajaa na kupungua."

"Tulisema ndiyo. Nani alisema muitoe?"

Sijawahi kumwona mtoto akitazama daftari lake vile. Akalifungua, akapekua kurasa za mara ya kwanza, kucheka kote alikokuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: tatizo, tatizo, tatizo. Kila palipoandikwa tatizo, walikuwa wamecheka. Hawakuwa wamelala popote.

Mkufunzi alipoelezwa hakukasirika; aliwaambia maoni hayafuatwi yalivyo, wachunguze mtu alikuwa anaangalia wapi aliposema alichosema, na akawaongezea wiki moja. Mwimbaji alisusa siku mbili, akarudi baada ya kusikia watoto wa shule ya msingi wanaimba kiitikio chake kwa maneno ya chips, kwa sauti safi kabisa. Sasa toleo la tatu linapangwa. Picha za sahani zitafuatana kwa haki: pomoni, robo tatu, nusu, robo, tupu. Kijana analia barabarani, msichana anakula. Kila kijana akilia zaidi, msichana anakula zaidi. Wimbo ule ule, hakuna neno lililoguswa. Kinachokosekana ni picha moja ya karibu, kidole kinafuta mafuta kwenye ukingo wa dhahabu, na kwa kuwa ni kidole tu, rasta za zambarau hazina madhara. Tajiri naye ameshushwa cheo. Katika ripoti ya mpwa wangu imeandikwa kwamba mandhari ya sebule hayakuendana na hadhi ya mhusika, hivyo mhusika amerekebishwa kuwa mtu mwenye kipato cha kawaida. Mhusika amerekebishwa. Sebule imeachwa kama ilivyo, kwa ombi la watazamaji.

Wanapiga Jumamosi. Mama watoto, ambaye habari za kitambaa zilimfikia tofauti na zilivyonifikia mimi, amefua seti nzima na kuipiga pasi, na friji ameliongezea cha pili upande wa mbele. LUKU nimeambiwa ninunue mapema. Kisha nipite kwa mkaanga chips nichukue zege mbili, moja ya kupigwa picha na moja ya wapiga picha. Hela, wamesema, nitarudishiwa zote pamoja na zile za mwanzo.